Dakika Arobaini na Nane

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, nyingi kadiri karatasi hii inavyoweza kubeba. Natumaini zinakukuta mzima na, ikiwezekana, zinakukuta umekaa. Nakujua: barua unazisoma umesimama, kalamu iko sikioni, mguu mmoja umeshaelekea wodini. Leo nakuomba uvute kiti. Mgongo unaendeleaje? Na shemeji, bado anakohoa asubuhi au ameacha ubishi akanywa dawa? Watoto waambie mama yao mdogo amepata picha, na kwamba huyo wa mwisho amechukua masikio ya babu yake; hana pa kukimbilia.

Sisi huku hatujambo. Baba hajambo. Naliweka hili juu kabisa ili usirukeruke mistari ukitafuta msiba. Anakula, analala, anabishana na msomaji wa taarifa ya habari kana kwamba wamekaa chumba kimoja. Mpira wa oksijeni uko puani pake na mashine inanguruma pembeni kama paka aliyeshiba. Habari nzito ninayo, lakini si ya mapafu yake. Inanihusu mimi.

Utauliza kwa nini barua na simu ipo. Dada, nimejaribu simu mara sita. Kila Jumapili unapopiga najiambia leo namwambia, halafu unaniuliza kama dawa zimefika, nami naling'ang'ania hilo swali la dawa kama mtu aliyeshika mzizi mtoni. Sauti yako ikipanda kidogo tu mimi nanywea. Ndivyo tulivyo tangu ulipokuwa ukinisuka nywele na kunigonga kwa kitana nikitikisa kichwa. Karatasi hainikatizi maneno. Basi nisikilize.

Itabidi nianzie mbali. Mengine unayajua, lakini vumilia, maana hadithi uliyoambiwa ina kipande kilichokatwa, na nikianzia katikati sitajua kukirudisha mahali pake.

Ulipotuma ile mashine ya oksijeni, miaka miwili na nusu iliyopita, ulituandikia kwa herufi kubwa tusiiwashe kabla ya kununua yupiesi, kile kifaa cha betri kinachoshika umeme ukikatika, maana umeme wa huku ni kama mgeni mwenye haraka, anaondoka bila kuaga. Mimi nilitaka kwenda dukani peke yangu. Baba akakataa katakata. Akasema amekaa na redio za watu miaka arobaini na tatu, hawezi kuletewa nyumbani kifaa cha umeme asichokitazama mgongo. Wakati ule alikuwa bado anatembea, na mtungi mdogo wa oksijeni begani kama mkoba wa mwanafunzi. Tukaenda polepole, tukipumzika kila baada ya maduka matatu.

Mwenye duka, mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo, alitutolea sanduku zuri lenye namba kubwa mbele. Akasema hiyo elfu moja ndiyo nguvu yake. Baba akaligeuza sanduku, akasoma kijibati cha nyuma kwa kidole, akamwambia kwa upole kuwa namba ya mbele ni ya kumvutia mnunuzi, namba ya kazi ni wati, nazo zimeandikwa kwa herufi za aibu huku nyuma: mia sita tu. Akamweleza kwamba mashine yetu inakunywa wati mia tatu na hamsini ikiwa imetulia, lakini injini ikiamka hunywa zaidi, kama mtu aliyelala na kiu. Kwa hiyo anataka kifaa chenye uwezo wa mara mbili na zaidi. Akataka tena umeme unaotoka humo uwe laini kama wa ukutani, maana kuna vifaa vya rahisi hutoa umeme wa kukwaruza ambao kwa taa hauna neno lakini injini hukoroma na kuungua. La mwisho, akataka betri zikae nje, kwenye sanduku lao, ili zikichoka zibadilishwe zenyewe bila kutupa kifaa kizima. Mpaka anamaliza, yule mama alikuwa ameshampa kigoda na anamuuliza awaambie nini wateja wengine.

Nyumbani Baba aliweka sheria. Yupiesi isikae dirishani, maana joto huzila betri kimyakimya. Nyuma yake ibaki nafasi ya kiganja. Isichomekwe kitu kingine chochote, hata chaja ya simu. Kila mwezi nipanguse vumbi kwa brashi na nitazame vichwa vya betri. Nikiona unga mweupe niufute, nikikuta nati imelegea niikaze. Siku ya pili nilikifunika kifaa kwa kitambaa changu cha kufuma ili kipendeze. Baba akakiinua kwa vidole viwili, akaniuliza kama kifaa ni bibi harusi.

Na Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, jaribio. Hili ndilo la kulishika. Tulimhamisha Baba kutoka kwenye mashine kwenda kwenye mtungi mkubwa, tukaiacha mashine inafanya kazi, kisha nikachomoa plagi ya yupiesi ukutani na kutazama saa. Siku betri zikiwa mpya zilishika saa moja na dakika kumi kabla ya kutoa ule mlio mrefu. Baba akaniambia nisidanganyike, kifaa kile si cha kukaa nacho gizani tukipiga soga. Alisema, "Hii si umeme, mwanangu. Hii ni nafasi ya wewe kutoka ulipo, kuja hapa, na kufungua mtungi." Akabandika karatasi ubavuni mwa sanduku, akaandika sabini, na chini kabisa akapiga mstari, akaandika arobaini na sita. Theluthi ikiondoka, alisema, na betri nazo ziondoke.

Namba nilizokuwa nakusomea kwenye simu ni hizo. Sabini. Sitini na tisa. Sitini na sita. Sitini na moja. Uliniambia unaziandika kwenye kalenda ya jikoni kwako, na kwamba zikikufikia unalala vizuri. Hamsini na tano. Halafu arobaini na nane, na hapo zikatulia. Arobaini na nane, arobaini na nane, arobaini na saba, arobaini na nane tena. Miezi minane. Ukafurahi, ukasema kumbe mdogo wangu anaitunza.

Sasa nije kwenye siku ile.

Ilikuwa saa nane mchana. Nilikuwa nimekwenda kwa daktari wa macho, maana nilikuwa nimefika mahali pa kumwomba Fundi Viatu wa ng'ambo ya barabara anitungie uzi kwenye sindano, na mshonaji asiyeona tundu la sindano ni kama mpishi asiyesikia harufu. Nilimwacha Baba kwenye kiti chake, mashine inanguruma, simu pajani, Fundi Viatu kibandani pake mbele ya mlango wetu. Daktari alikuwa ameniweka kidevu kwenye kile kifaa cha kupimia, taa ikazimika chumba kizima. Nje jenereta za maduka zikaanza kukohoa moja moja. Kifaa chake hakikuzimika. Chini ya meza yupiesi yake ilikuwa inalia pi, pi, pi. Akaniomba radhi kwa kelele, akasema tuendelee, betri inashika.

Mimi nikatazama saa ya ukutani. Nikapiga hesabu: dakika arobaini na nane. Kutoka pale hadi nyumbani kwa miguu ni dakika ishirini, nikikaza mwendo kumi na tano. Nikaona nafasi ipo. Nikarudisha kidevu. Daktari akanibadilishia kioo cha kwanza, cha pili, akaniuliza kipi naonea vizuri. Nikajibu. Akanionyesha mstari wa namba ndogo ukutani, kwa tochi, akaniambia nisome. Nilifika namba ya tatu nikanyamaza. Daktari akadhani nimeshindwa kuona. Dada, nilikuwa naona vizuri sana. Niliinuka na ile fremu nzito ya majaribio ikiwa bado usoni, nikakimbia. Mpaka leo sijui niliitupia wapi njiani, nimemlipa nyingine. Kwa nini nilikimbia, nitakuambia.

Nilipofika, mlango ulikuwa wazi na Fundi Viatu amepiga magoti sakafuni, sindano yake ya viatu bado iko mdomoni. Amemkumbatia Baba kwa nyuma, amemkalisha wima kifuani pake kama mzazi na mtoto. Mtungi ulikuwa umefunguliwa, unatoa sauti yake ya ssss. Barakoa imevaliwa juu chini. Baba alikuwa ameshika spana ya mtungi, na vidole vyake vilikuwa vya rangi ya zambarau, tena vimeishika kwa nguvu hata hospitali muuguzi alipata kazi kuitoa. Fundi Viatu aliniambia alisikia mlio mrefu, halafu kimya. Akasema mlio haukumtisha, ameuzoea; kimya ndicho kilichomwinua. Alipoingia alimkuta Baba ameshateremka kwenye kiti, ametambaa hadi kwenye mtungi, ameshaufungua mwenyewe. Kilichobaki kilikuwa kumwinua tu ili kifua kipate nafasi.

Siku tatu alilazwa. Hayo unayajua. Unajua pia aliyoyasema, maana mimi ndiye niliyekupigia nikakuambia. Daktari alipouliza ilikuwaje betri iishe haraka vile, Baba aliinua mkono, akasogeza barakoa, akasema kwa pumzi fupifupi kuwa kosa ni lake. Alishindwa kujizuia, akachomeka chuma chake cha kulehemu kwenye yupiesi ili aunge waya wa redio, na kile chuma ndicho kilichozimaliza betri. Daktari akatikisa kichwa. Akamkumbusha kwamba chuma cha moto karibu na oksijeni kinaweza kuteketeza nyumba na mtaa. Baba akakubali kila neno, macho chini, kama mwanafunzi aliyekamatwa akiibia mtihani. Mimi nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda. Sikusema kitu.

Uliposikia, ulilia, kisha ukawaka. Ulikuwa na haki. Ukasema mzee ameshindwa kujitunza, ukaagiza betri mpya zinunuliwe siku ileile, na meza yake ya kazi itoke nyumbani pamoja na kila kilicho juu yake. Ukasema humpigii mpaka hasira iishe, kwa sababu ukimpigia utamtamkia maneno ambayo mtoto hamwambii baba yake. Nikafanya ulivyosema. Nilimwita seremala, akaja na mkokoteni na mwenzake. Meza ile, Dada. Ile tuliyokuwa tukicheza chini yake, tukiokota vile vidude vyenye mistari ya rangi na kuvipanga kama shanga. Haikupita mlangoni, ikabidi waigeuze ubavu, na Baba, na mpira wake puani, ndiye aliyewashikia mlango. Akawaelekeza, kushoto kidogo, inueni, haya. Walipoondoka alikaa kwenye kiti chake akatazama ule ukuta. Sehemu iliyokuwa nyuma ya meza bado ina rangi ya zamani, ile ya kijani.

Wiki zikapita. Wateja hawakujua, wakaendelea kuja. Siku moja nilikuwa chumbani napiga pindo la sketi, nikasikia mama mmoja amekuja na redio ya mbao ya marehemu mume wake. Alieleza kuwa ina mkwaruzo, na kwamba hana mtu mwingine wa kumwamini nayo. Baba akaipokea, nikasikia anaitikisa kidogo karibu na sikio kama anavyofanya. Kisha akamrudishia. Akamwambia, "Mama, tafuta fundi mwingine. Mimi siaminiki tena karibu na waya." Alilisema kwa kicheko, ili yule mama asione vibaya. Nami nikashindwa kuendelea kushona, kwa sababu kile kicheko kilinikata kuliko mkasi.

Sasa hapa, Dada, ndipo kilipo kile kipande kilichokatwa.

Baba hakuchomeka chuma chochote. Chuma chake cha kulehemu alikifungia kwenye kopo la maziwa siku ileile mashine yako ilipoingia nyumbani, akanipa kopo nikaliweke juu ya kabati ambako yeye hafiki. Lilikuwa kule siku umeme ulipokatika. Nililikuta na vumbi lake.

Na zile namba nilizokusomea miezi minane, ya kweli ni ile arobaini na nane ya kwanza tu. Nyingine zote nilizitunga.

Nitakuambia ilivyoanza, si kwa kujitetea. Jumamosi ile ya arobaini na nane, nilishautoa mpira kwenye mashine, nikaenda kufungua mtungi, mtungi ukagoma. Kifungulio kilikuwa kimekaza. Nikazungusha, kikakataa, nikazungusha tena, mikono inateleza kwa jasho. Nikageuka kumtazama Baba, nikaona midomo yake imegeuka rangi, kama mtu aliyekunywa wino. Hakupiga kelele. Alikuwa ananionyesha kwa kidole kimoja, taratibu, kwamba nazungusha upande usio wenyewe. Labda ilikuwa dakika moja, labda haikufika. Hewa ilipomfikia alivuta mara tatu nne, akaniambia mtungi huu una kiburi. Akacheka. Mimi nikaenda jikoni nikafungua bomba, nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Mwezi uliofuata, Jumamosi ilipofika, nilikaa na plagi mkononi nikashindwa kuichomoa. Baba alikuwa amesinzia. Nikaandika arobaini na nane. Nikajiambia mwezi ujao nitafanya. Mwezi ujao nikaandika arobaini na saba, nikaona inakaribia mno ule mstari wake wa arobaini na sita, nikaogopa, mwezi uliofuata nikaipandisha. Umewahi kuona betri inayopata nafuu? Mimi nilikuwa nayo. Na jambo la ajabu kuliko yote, Dada, ni kwamba uongo ukiandikwa vizuri mwandishi naye huuamini. Kule kwa daktari wa macho nilikaa kwenye kiti nikihesabu dakika arobaini na nane kama mtu mwenye akiba kabatini. Nilipokuwa nasoma zile namba ndogo ukutani ndipo nikakumbuka kwamba ile namba ninayoitegemea ni mwandiko wangu tu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha maradhi ya betri, na kifo kilikuja kuniumbua kwa pumzi ya baba yangu.

Basi baada ya yule mama wa redio kuondoka, niliweka sketi chini, nikaenda nikakaa sakafuni mbele ya kiti cha Baba, nikamwambia yote. Nilimwambia nikitazama vidole vya miguu yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema anajua.

Nikamuuliza amejua tangu lini. Akasema tangu mwezi wa tatu wa zile namba zilizotulia. "Namba za betri inayozeeka hazisimami, mwanangu," akaniambia. "Zikisimama, ujue kuna mtu anazishikilia." Alikuwa anasinzia kweli ile mara ya kwanza, lakini mara zilizofuata alikuwa amefumba macho tu. Alinisikia napumua na plagi mkononi. Alitaka kusema, akaogopa kuniaibisha, akajiambia nitasema mwenyewe, na wakati huohuo akawa anajizoeza kimyakimya kutoka kwenye kiti hadi kwenye mtungi, siku nikiwa sokoni, ili ajue ni hatua ngapi. Akaiweka na spana karibu. Siku ile betri zilimpa dakika tisa. Alizihesabu. Hata akitambaa, Dada, alikuwa anatazama saa.

Nikamuuliza kwa nini basi alijitwisha kosa ambalo si lake, tena mbele ya daktari, tena kosa la kijinga ambalo hata mwanagenzi hawezi kulifanya. Akasema aliniona miguuni pa kitanda. Akasema nilikuwa na uso wa mtu ambaye akiulizwa swali moja tu atavunjika asiungike tena. "Wewe dada yako angekukasirikia miaka," akasema. "Mimi nilijua atanikasirikia mpaka Ijumaa. Baba husamehewa upesi."

Leo ni wiki ya saba, Dada. Ijumaa saba zimepita. Kila Jumapili simu inapolia anazima redio, anajifanya anafuta miwani, anasikiliza mpaka nikate. Kisha anauliza kama hujambo, nami namjibu umemsalimu sana.

Nilipomaliza kulia, aliniambia jambo lililonifanya nitake kujipiga kichwa ukutani. Akasema kama ningemwambia siku ile ya mtungi kwamba naogopa, angenijibu kwa sentensi moja. Si lazima kujaribu betri kwa mashine yake. Betri haijui inamlisha nani. Unachukua balbu nne za zamani za wati mia mia, unaziunga kwenye ubao, unazichomeka kwenye yupiesi, na mashine yake unaichomeka ukutani moja kwa moja kwa muda huo. Yeye anabaki na mpira wake puani, anakunywa chai yake, hakuna anayepungukiwa pumzi. Miezi minane ya uongo, na dawa yake ilikuwa ubao na balbu nne.

Ubao ametutengenezea Fundi Viatu, kwa misumari ya viatu. Jumamosi iliyopita tulijaribu betri mpya, na dirisha wazi, mchana kweupe. Balbu zikawaka zote nne zikatia chumba joto kama jiko. Baba alishika saa, mimi nikashika kalamu. Sabini na mbili. Alinitaka niandike yeye akitazama, kisha yeye aandike mimi nikitazama. Kuanzia sasa ubavuni mwa sanduku kila mwezi zitaandikwa namba mbili, kwa miandiko miwili. Ukipiga simu, waulize wawili.

Meza haitarudi. Nilikwenda kwa seremala kuikomboa nikakuta ameshaipasua, imekuwa rafu za duka la dawa. Nimemwambia Baba. Aliuliza kama rafu zimenyooka. Kuhusu chuma cha moto, hakitarudi humu, na yeye ndiye wa kwanza kukikataa. Lakini kusafisha redio, kukaza skrubu, kuisikiliza na kuijua inaumwa wapi, hayo hayana moto, na mikono yake ipo. Yule mama amekuja tena na redio ya mume wake. Baba ameipokea safari hii, ameiweka chini ya kiti, lakini hajaifungua. Nimemuuliza anangoja nini. Anasema mwenye nyumba ni wewe, wewe ndiye unayeigharamia pumzi yake, na wewe ulikataza.

Alinikataza nisikuandikie. Nimemwasi. Naomba unikasirikie mimi, kwa miaka ile aliyoitaja kama itabidi. Sitajitetea na sitakata simu. Nilikuangalia kwa mbali ukizipanga namba zangu kwenye kalenda yako na ukilala usingizi niliokushonea kwa uzi mbovu. Nimekukosea wewe, na nimemkosea yeye zaidi, kwa sababu nilimwacha abebe heshima yake ya miaka arobaini na tatu aitoe nje pamoja na meza, akinishikia mlango.

Nisalimie shemeji. Wabusu watoto masikioni. Jirani yetu Fundi Viatu anakusalimu, anasema viatu vyako vya kanisani ulivyoviacha mwaka ule ameshavimaliza, hajui avipeleke wapi. Ujitunze mgongo, usiinue wagonjwa peke yako.

Barua ikikufikia asubuhi, usisubiri Jumapili. Huwa yuko macho vizuri kuanzia saa nne, baada ya chai. Mimi nipigie au usinipigie, nitaelewa. Yeye mpigie.

Ni mimi mdogo wako, mkosaji wako,
Kitindamimba